Sababu ya Kuingia

Afisa wa mpakani aliniuliza, macho yakiwa kwenye pasipoti,
sababu ya kuingia nchini.
Nikasema: chakula cha mchana.
Akainua macho.

Nilikuwa na saa saba baina ya ndege na ndege
na tumbo lililokwisha kudanganywa mara mbili angani:
wali mlowevu, na kitu cheupe kilichojiita samaki
chini ya karatasi ya fedha.
Nilianza kuzunguka humo humo, kwenye jumba la vioo,
nikitazama picha za kamba wekundu
wanaong'aa kuliko kamba yeyote aliyepata kuishi,
na bei zake, bei za kumshibisha mtu kwa kuzisoma tu.

Ndipo nikamwendea mpanga vigari vya mizigo,
Gwak Chil-seong, jina aliniambia baadaye,
nikamuuliza kwa simu inayotafsiri:
Wewe, siku ya mshahara, unakula wapi?
Akacheka. Akavua glovu, akaigeuza lebo ya begi langu,
akachora basi, njia panda, ukuta wa bahari,
kisha ndoo.
Ndoo?
Ndoo, akasisitiza kwa mikono miwili.

Basi lilinishusha penye upepo wa kukata masikio.
Maji yalikuwa yamekupwa hata bahari ikawa uvumi tu;
tope, tope la kijivu mpaka macho yachoke,
na wanawake wanne wenye mabuti ya kiunoni
wakichokoa, wakiburuta nyavu nzito kwa kamba,
wakigombana juu ya jambo fulani
kwa furaha kubwa.

Bi Tak Bong-nim hakuniletea menyu.
Alinyanyua kidole: mmoja?
Nikanyanyua changu: mmoja.
Akakunja unga, akakata tambi kwa kisu bila kukitazama kisu,
akaweka sufuria mbele yangu juu ya moto wa gesi.
Ndani, chaza kwa makumi, wamefumba
kama mashahidi waliokwisha kuonana na wakili.

Nikatazama saa. Nikachukua kijiko.
Akanipiga kofi la mkono, kofi dogo, la shangazi.
Bado.

Fundi umeme wa meza ya pili, kofia ya kazi ingali kichwani,
akanitazama kama anayetazama mtoto mbele ya keki.
Tukangoja wote watatu.
Ndege ikapita juu ya paa, vijiti vikatetemeka,
hakuna aliyeinua uso.

Kisha: tak.
Mmoja. Tak, tak, halafu wote kwa pamoja,
mvuke ukanipofusha miwani
na sikuona tena saa.

Nisemeje mchuzi ule?
Ulikuwa na chumvi ambayo haikutiwa na mtu.
Nilikula kwa mikono, nikanyonya, nikafyonza,
makombe yakalia kwenye ndoo ya bati miguuni pangu,
na fundi akanisogezea kabichi yake ya pilipili
alipoona yangu imekwisha.
Mmoja alikataa kufunguka. Nilimjaribu kwa ukucha.
Bi Bong-nim alipita, akamtupa ndooni,
akaendelea na safari yake ya jikoni.

Nilirudi mbio, shati likinuka vitunguu saumu,
na mashine ya ukaguzi ikanikamata.
Msichana wa zamu, Pyo, akaingiza mkono kwenye koti langu,
akatoa gamba moja, lenye michirizi ya kahawia,
ambalo sikumbuki kulitia mfukoni.
Akalinusa. Akaangalia kushoto na kulia.
Kwa mikono miwili akachora hewani
ndoo.

Nikaitikia kwa kichwa.
"Mama yangu," akasema, akitafuta maneno, akielekeza chini,
kupitia marumaru, kupitia zege,
"zamani. Hapa. Hapa hapa.
Yeye, chaza. Tope, mpaka hapa,"
na akagusa goti.
Nyuma yake, kiooni, ndege ndefu ilikuwa ikijikokota
kuelekea mwanzo wa njia yake.

Mtu nyuma yangu akakohoa.
Pyo akaliweka gamba kwenye trei,
kati ya mkanda na funguo,
kwa uangalifu, mdomo wake ukitazama juu,
akalisukuma kwangu.